Kihisi cha Gesi na Hewa ya Kwetu

Msikilizaji, pua ya binadamu haiijui kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikereketi koo. Hutoka pale mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha, na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa kitambaa, ndilo linaloizalisha kwa wingi. Miezi ya Juni na Julai inapofika, kuanzia Makete na Njombe hadi Limuru na Nyandarua, tunasikia tena habari za watu waliolala na jiko na wasiamke. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni. Hewa ikiwa na sehemu 400 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni, kichwa huanza kuuma baada ya saa moja au mbili. Ikiwa na sehemu 1,600, mtu anaweza kufa ndani ya saa mbili, na aliyelala hasikii kichwa chake kikimuuma.

Leo nazungumzia kifaa kinachoweza kunusa mahali ambapo sisi hatuwezi. Kinaitwa kihisi cha gesi, na aina iliyoenea sana duniani imetengenezwa kwa oksidi za metali: oksidi ya bati, ya zinki, ya tangsteni, ya indiamu, ya shaba. Ni unga uliopakwa juu ya kauri na kupashwa joto. Unga huo umeundwa kwa kemia hadi chembe zake zikawa ndogo kiasi cha nanomita chache, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Nitaeleza jinsi unavyofanya kazi, kwa sababu ukijua unavyofanya kazi utajua pia lini unadanganya. Kwangu hilo la pili ndilo kubwa.

Nianze na historia, kwa ufupi. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege mdogo aina ya kanari ndani ya kitundu. Ndege huyo hupumua kwa kasi, kwa hiyo sumu humwangusha kabla haijamwangusha mtu. Mwanafiziolojia John Scott Haldane ndiye aliyelisukuma wazo hilo mwishoni mwa karne ya 19, na migodi ya Uingereza haikuwaacha kanari hao rasmi hadi mwaka 1986. Wakati huo Japani ilikuwa imeshapata njia nyingine miaka zaidi ya ishirini nyuma. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki ukipashwa joto hubadili upitishaji wake wa umeme gesi inapopita juu yake. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Familia za Japani zilikuwa zimeanza kupikia gesi ya mitungi, nyumba zilikuwa zinalipuka, na Taguchi alikuwa anatafuta kitu rahisi kinachoweza kukaa jikoni. Mwaka 1968 vihisi vyake vikaanza kutengenezwa kwa wingi, na mwaka uliofuata kampuni ya Figaro ikaanzishwa huko Osaka. Vihisi vya leo vya oksidi ya bati bado ni watoto wa kazi ile.

Nimesimama kidogo kwa Taguchi kwa sababu Japani ya miaka ile ilikuwa inapita pale tunapopita sisi sasa. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kenya nayo imekuwa ikiisukuma gesi ya mitungi kwa miaka mingi. Ni sera njema, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana moshi wa kuni umewaumiza mama zetu vya kutosha. Lakini Wajapani waliopeleka mtungi jikoni walipeleka pia kengele. Sisi tunapeleka mtungi, rigaleta na mpira, na tunaishia hapo.

Sasa twende ndani ya kihisi chenyewe. Ukikifungua utakuta kibomba cha kauri kisichozidi punje ya mchele kwa urefu, kimepakwa tabaka la oksidi ya bati kwa nje, na ndani yake mna waya mwembamba wa kukipasha joto. Juu ya vyote hivyo kuna wavu mzito wa chuma kisichoshika kutu, wenye matundu madogo sana. Wavu huo una kazi yake. Mwaka 1815 Humphry Davy aligundua kwamba mwali wa moto hauwezi kupenya wavu wa matundu madogo, kwa sababu chuma hunyonya joto lake, na akawatengenezea wachimbaji taa iliyofunikwa kwa wavu. Kihisi cha gesi kina moto mdogo ndani yake. Bila wavu huo, kifaa cha kutuonya juu ya mlipuko kingeweza kuuanzisha.

Waya hulipasha tabaka lile hadi kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi. Katika joto hilo oksijeni ya hewani hutua juu ya chembe za oksidi na kunyakua elektroni zake. Oksidi ya bati ni semikondakta, na elektroni hizo ndizo zinazobeba umeme ndani yake. Zikinyakuliwa, umeme unapita kwa shida, ukinzani unapanda. Hivyo ndivyo kihisi kinavyokaa katika hewa safi, kimejaa oksijeni juu na kina njaa ya elektroni ndani. Ikifika gesi inayoweza kuungua, iwe propani, butani, methani, haidrojeni au kaboni monoksidi, inaikuta ile oksijeni na kuungana nayo pale pale. Elektroni zilizoporwa zinarudi. Ukinzani unashuka, mara nyingine kwa sekunde chache tu, na sakiti iliyo nje inausoma mshuko huo na kupiga kengele.

Udogo wa chembe unaingia hapa. Oksijeni hunyakua elektroni kutoka juu ya chembe tu, na athari hiyo huingia ndani kwa kina cha nanomita kama 3 hivi, kisha inakoma. Chukua chungwa na ganda lake. Chungwa likiwa kubwa, ganda ni sehemu ndogo ya tunda. Chochote kitakachotokea kwenye ganda hakitabadili sana tunda zima. Sasa lipunguze chungwa huku unene wa ganda ukibaki vilevile. Utafika mahali ambapo hakuna tena nyama ndani, tunda lote ni ganda. Chembe ya oksidi ya bati yenye upana wa nanomita 6 iko katika hali hiyo: nanomita 3 kutoka upande huu, 3 kutoka upande ule, na katikati hakuna mahali pa elektroni kujificha. Gesi kidogo ikigusa juu, chembe nzima inahisi. Mwaka 1991 Noboru Yamazoe na wenzake, wa Kyushu pia, walipima chembe za ukubwa mbalimbali na kuonyesha kwamba zikikaribia nanomita 6 usikivu wa kihisi unapaa ghafla. Sehemu kubwa ya utafiti wa nano katika uwanja huu imejengwa juu ya ugunduzi huo.

Bahati mbaya, chembe ndogo hazitulii. Ziache kwenye nyuzi 300 au 400 kwa miezi na zitaanza kuungana, mbili zinakuwa moja, moja kubwa inameza jirani yake, na usikivu unapungua polepole bila wewe kujua. Ndiyo maana watafiti walianza kuotesha oksidi katika maumbo mengine. Mwaka 2001 kundi la Zhong Lin Wang, wa Georgia nchini Marekani, lilitangaza kwamba limetengeneza tepe bapa za oksidi, nyembamba kwa kiwango cha nano na ndefu kuliko upana wake kwa mbali sana; kila tepe ni fuwele moja, kwa hiyo haina chembe za kuungana. Mwaka uliofuata wakishirikiana na maabara ya Brescia, Italia, tepe hizo zikawa vihisi. Tangu hapo tumeona nyaya, vijiti, mipira yenye uwazi ndani, maua ya oksidi ya zinki. Wengine huongeza madoa ya paladi au platini juu ya oksidi, ambayo huharakisha mmenyuko na kushusha joto linalohitajika.

Nakiri kwamba fuwele hizi zikipigwa picha kwa darubini ya elektroni zina uzuri wa kushangaza. Lakini ukisoma ripoti za utafiti, moja baada ya nyingine inatangaza kihisi chepesi zaidi kuhisi, na ukiangalia vizuri kilipimwa wapi, unakuta ni ndani ya chupa ya maabara, hewa kavu kutoka kwenye mtungi, gesi moja iliyosafishwa. Jikoni kwa mama ntilie hakuna hewa ya namna hiyo. Usikivu tumeshaupata kwa kutosha tangu siku za Taguchi. Tunachokosa ni kifaa kinachosema kweli katika hewa tunayoishi.

Hebu tuitazame hewa hiyo. Adui wa kwanza wa oksidi ya bati ni mvuke wa maji. Maji nayo hutua juu ya chembe, yanaichokoza oksijeni iliyokuwa imetua, yanaacha vikundi vya haidroksili mahali pake, na nafasi ya gesi kufanya kazi inapungua. Kihisi kilichokuwa kinapaza sauti kinaanza kunong'ona. Karatasi za maelezo za vihisi vingi vya bei nafuu, vile vya mfululizo wa MQ kutoka China ambavyo wanafunzi wetu wa uhandisi wanavijua kwa majina, zinasema vipimo vilichukuliwa kwenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Nani pwani anaishi kwenye nyuzi 20? Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, wakati wa masika, asubuhi nyingi unyevu unapita asilimia 80 na joto liko juu ya 25. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo ni namba ya chumba kingine kabisa.

Ukipanda bara, tatizo linabadilika sura. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila lita ya hewa yake ina oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kihisi ambacho kazi yake yote inategemea oksijeni inayotua juu yake hakiwezi kusoma sawasawa katika miji hiyo miwili. Mtaalamu atasema tofauti hizo zinaweza kusahihishwa kwa hesabu, na ni kweli, ilimradi awepo mtu aliyezipima. Mimi nauliza nani amezipima.

Adui wa pili ni wingi wa vitu vinavyoungua. Oksidi ya bati haichagui. Mvuke wa pombe, manukato, dawa ya mbu ya kupuliza, spiriti ya kusafishia kidonda, vyote vinarudisha elektroni kama gesi ya mtungi inavyofanya. Kwa hiyo kengele italia mtu anapopuliza dawa ya mende, italia kitoweo kinapomwagiwa mvinyo, na baada ya mara tatu au nne mwenye nyumba ataichomoa kwenye umeme. Hapo kifaa kimekufa, ingawa ni kizima. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick walipendekeza dawa: weka vihisi kadhaa vya tabia tofauti pamoja, usisome kimoja kimoja, soma mpangilio wa majibu yao yote, kama pua ya mnyama inavyofanya. Wazo hilo linaitwa pua ya elektroniki na limezaa kazi nyingi nzuri, hasa sasa ambapo kompyuta ndogo inaweza kufunzwa kutofautisha mipangilio. Bado pua halisi inaongoza kwa mbali. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi na baruti ya mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Hakuna kihisi cha oksidi kilichofika hapo.

Kuna gesi nyingine ambayo oksidi ya bati haiioni karibu kabisa, na wasikilizaji wetu wa Kivu wanaijua kwa uchungu. Kuzunguka Goma na Sake, kaskazini mwa Ziwa Kivu, kaboni dioksidi hutoka ardhini kwenye nyufa za volkeno na kujaa mabondeni. Wenyeji wanayaita maeneo hayo mazuku. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini, na watoto, mbuzi na mbwa ndio wanaoingia humo kwanza. Ziwa Nyos kule Kameruni lilitapika gesi hiyohiyo Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Kaboni dioksidi imeshaungua tayari, haina elektroni ya kurudisha wala haja ya kunyakua, na oksidi ya bati inakaa kimya mbele yake. Huko kinachofaa ni kihisi cha mwanga wa infraredi. Ninalisema hili kwa sababu nimeona vifaa vya oksidi vikiuzwa kwa maelezo kwamba vinapima ubora wa hewa yote, pamoja na kaboni dioksidi. Namba inayotokea kwenye kioo cha kifaa cha namna hiyo imekisiwa kutokana na gesi nyingine. Mtu akiiamini karibu na mazuku, anaweza kufa akiitazama.

Lakini jambo la Kivu lina upande wa pili. Oksidi ya bati ina jina la madini, kasiterite. Ndiyo ile inayochimbwa Bisie, Walikale, ndiyo ile ya Rutongo nchini Rwanda, ndiyo madini ya bati ya Kyerwa, mkoani Kagera. Jiwe lile jeusi analolibeba mchimbaji mgongoni ni kiwanja kilekile cha kemia, bati moja na oksijeni mbili, kilichomo ndani ya kihisi. Nisieleweke vibaya: huwezi kuponda jiwe la Kyerwa na kupaka kwenye kauri. Unga wa vihisi hutengenezwa upya kutoka kwenye chumvi za bati zilizosafishwa, ili chembe zitoke sawa kwa ukubwa. Hata hivyo kemia hiyo haihitaji mitambo ya kifahari. Chumvi ya bati, amonia, maji safi, tanuri na mikono yenye uangalifu vinaweza kutoa chembe za nanomita chache katika maabara ya chuo kikuu cha kawaida. Malighafi tunayo na ujuzi wa kemia tunao. Inauma kwamba tunanunua kihisi kilichopimwa kwa hewa ya wengine.

Niseme kidogo juu ya umeme. Waya wa kupasha joto wa kihisi cha kawaida cha MQ unakula karibu wati 0.8 mchana na usiku. Ni kidogo ukilinganisha na balbu, lakini ukitegemea betri ya simu ingekwisha kabla siku haijaisha. Umeme ukikatika, kihisi kinapoa, na ukirudi kinahitaji muda wa kupata joto na kutulia kabla ya kuaminika. Kikiwa kipya kabisa, watengenezaji wanataka kipashwe joto kwa siku nzima au mbili kabla ya kupimwa. Vihisi vipya vilivyochongwa juu ya silikoni, vyenye kisahani cha joto chembamba kuliko unywele, hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo na vinaweza kuishi kwa betri. Hapo teknolojia ya nano imetufaa kwelikweli, na nyumba zenye umeme wa sola zitafaidika kwanza.

Juu ya mahali pa kukiweka, watu wengi hukosea, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, butani mara mbili. Ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Kihisi chake kiwekwe chini, sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, si darini. Gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay iliyokwisha kufikishwa kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam kwa mabomba, ni methani, nyepesi kuliko hewa. Hiyo inapanda, na kihisi chake kikae juu karibu na dari. Kaboni monoksidi inakaribiana na hewa kwa uzito na huchanganyika nayo. Weka kihisi karibu na mnapolala, usawa wa kichwa. Nyumba yenye mtungi na jiko la mkaa inahitaji vihisi viwili. Na kwa kaboni monoksidi, vifaa vingi bora vya siku hizi vinatumia seli ya kemikali badala ya oksidi, kwa sababu seli hiyo inachagua vizuri zaidi. Ubaya wake ni kwamba inakwisha baada ya miaka kadhaa na lazima ibadilishwe. Anayekuuzia akwambie ni ipi.

Mchanganyiko wa propani na butani huanza kuweza kulipuka ukifika karibu asilimia 2 ya hewa. Ni kiwango kidogo. Ndiyo sababu gesi ya kupikia hutiwa merkaptani, kemikali yenye harufu kali, ili pua ishtuke mapema, na kengele hupangwa ilie gesi ikiwa bado sehemu ndogo tu ya hiyo asilimia 2. Lakini pua huchoka, wazee na wagonjwa wa mafua hawanusi, na aliyelala hanusi. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, moto ukafika kwenye maghala na nyumba. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Kihisi hakiwezi kufuta kosa la kujaza gesi katikati ya makazi, na yeyote atakayesema kinaweza anauza kitu. Lakini ghala lenye gesi, duka la mitungi la mtaani, jikoni pa shule ya bweni, hapo kihisi kilichowekwa chini na kinachofanya kazi kinaweza kuwapa watu dakika za kutoka.

Na kuna watu ambao hatuwafikirii kabisa: wanaoingia kwenye mashimo. Wachimba visima, mafundi wa mabomba ya maji taka, na wale vijana wa Dar es Salaam wanaotapisha vyoo kwa mikono, ambao mtaani huitwa vyura. Chini mle kuna haidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, unainusa mara moja. Ikipita kama sehemu 100 kwa milioni, inaipooza pua na harufu inatoweka, na kijana anadhani hewa imesafika. Anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Kwa gesi hii kemia ya oksidi imetoa jibu zuri kuliko mengi ninayoyajua: ukichanganya oksidi ya shaba na oksidi ya bati, chembe za aina hizo mbili zinapokutana huzuiana umeme na ukinzani unakuwa mkubwa mno. Haidrojeni salfidi ikifika, inaigeuza oksidi ya shaba kuwa salfidi ya shaba, ambayo hupitisha umeme kama metali. Kizuizi kinaporomoka na ukinzani unashuka kwa kiasi ambacho hata sakiti ya bei ya chini haiwezi kukikosa. Watafiti wa kundi la Yamazoe walilieleza hilo miaka ya 1990. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, kijana anashuka chooni Manzese na kamba kiunoni na hana kitu kingine.

Wanafunzi wetu wanajaribu. Kila mwaka kwenye maonyesho ya vyuo utakuta meza yenye kihisi cha MQ kilichochomelewa kwenye bodi ya Arduino, kinachotuma ujumbe kwa simu gesi ikivuja. Nawapongeza, na nawaambia ukweli kwa upendo: kutuma ujumbe ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu, ambayo ndiyo sayansi, ni kukaa na kihisi kimoja mwaka mzima Tanga, na kingine Iringa, kukipulizia gesi ya kiwango kinachojulikana kila wiki, na kuandika kilisema nini masika, kilisema nini kiangazi, na kimepoteza kiasi gani. Kazi hiyo haina picha za kuvutia. Haina pia mfadhili wa haraka. Lakini jedwali moja la namna hiyo lingefaa zaidi kuliko vifaa kumi vipya vya maonyesho.

Mizani ya muuza nyama huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupewa stika. Pampu ya mafuta vivyo hivyo. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, na Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS. Kilo ya nyama inalindwa na sheria, na hilo ni sawa. Nataka pumzi ya mtu aliyelala ilindwe angalau kwa kiwango hicho. Kabla kengele ya gesi haijaruhusiwa kuuzwa, ipimwe kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 85, ipimwe kwenye mwinuko wa Nairobi, na kwenye boksi iandikwe kwa Kiswahili inahisi gesi gani, haihisi gani, iwekwe wapi, na itupwe mwaka gani. Kampuni zinazosambaza mitungi zina nguvu ya kuuza kengele pamoja na mtungi wa kwanza. Serikali inayotoa ruzuku ya mitungi inaweza kuitia kengele ndani ya ruzuku hiyo.

Na wewe msikilizaji, ukienda dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, kununua kihisi, uliza maswali hayo hayo manne. Muuzaji asipojua na boksi lisiposema, rudisha pesa yako mfukoni na ununue mpira mpya wa gesi badala yake.